Bibi Aliyekula Kwanza

Mimi nina hasira za karibu, na wa kwanza kuzionja alikuwa bibi yangu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma maghala yetu, na baba na mama wamechukuliwa kwenda Kivinje kwa kazi za lazima. Nikabaki na bibi huku milimani Umatumbi, tunakula ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakikata vipande vyembamba, unavitia kapuni, unaviloweka mtoni siku tano, ndipo unavianika na kuvitwanga. Kuloweka ilikuwa kazi yangu. Kula kwanza ilikuwa kazi yake, na hapo ndipo tulipogombana. Ugali ukiiva, bibi alimega matonge mawili, akala peke yake, kisha akafunika chungu.

"Subiri jua lifike mlangoni, mke mwenzangu," alisema. Babu alikuwa ameshakufa, lakini bibi hakuacha kunitania kwamba sisi ni wake wenza.

"Mke mwenza gani huyu, mlafi," nilimjibu, wala sikuwa natania. Njaa ilikuwa inanikata tumbo. Nilimchukia, nasema kweli.

Safari moja nikaona, siku tano za nini? Nikalitoa kapu siku ya tatu, nikamwambia zimetimia. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri, akaniamini. Akapika, akala, akafunika. Jua halijafika mlangoni akaanza kutapika, kizunguzungu kikamlaza chini. Nilipomshika mkono aliuliza neno moja tu.

"Hujala?"

Nikasema sijala. Akafumba macho, akatulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akitangulia kula, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia kosa langu.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," akasema. "Wewe hesabu siku."

Alipona baada ya siku mbili. Tangu hapo nikahesabu kwa mafundo kwenye kamba, na hili najidai nalo: hakuumwa tena hata mara moja. Nilimwomba nionje mimi, akakataa katakata.

Mvua zikanyesha, tukavuna mtama. Bibi akasonga ugali wa kwanza, akaketi, mikono mapajani. Nikamngoja aanze, kama kawaida. Akanisogezea chungu.

"Leo anza wewe, mke mwenzangu."

Njaa yote ile, na tonge la kwanza nikamwekea yeye mkononi.