Lengalenga za nyuma ya choo

Jana, mbele ya choo cha kulipia pale Mbarara, harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ilinikumbusha mama. Nilikuwa mtoto, amenivusha mpaka kwenda sokoni Burundi, na mkojo ulinibana vibaya.

"Lipeni kwanza," mwenye choo akasema.

"Nikuachie mbolea, tena nikupe na franga?" mama akamwuliza. "Papa, unaipelekaka fasi gani, shamba gani?"

"Mama, ni choo tu!" mwenye choo akajibu.

Mama akanivuta hadi nyuma. Mboga za lengalenga zilikuwa zimenenepa kuliko za shamba letu. "Si unaona?" Akakataa kulipa. Nilijikojolea darajani pale mpakani, tukirudi kwetu.

Jana nililipa, maana uzee haungoji. Lakini kwanza nilizunguka nyuma nikaangalia. Kuna migomba, minene ajabu.