Sufuria za Shangazi Zilizotoboka

Mwanangu, bado naikumbuka siku ile Shangazi aliposhuka kutoka Mlimba, akasimama kibarazani kwake Ifakara bila hata kutua mzigo. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo, nangoja barua ya kazi, na kichwa changu hakikupumzika hata nikila.

Alikuwa ameniachia maua yake ya kutambaa, yale yenye majani manene kama maharage, yaliyoning'inia kwenye kenchi za paa ndani ya sufuria kuukuu. Kipande cha kwanza alipewa na binti yake, ambaye wakati ule alikuwa ameshafariki. Basi niliogopa. Nilichora ratiba: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kisha nikaona maji yanadondoka kwenye vitundu vya chini ya sufuria. Nikawaza, mizizi haipati kitu! Nikahamishia maua kwenye beseni, sufuria nikazipeleka kwa fundi sokoni.

"Za kupikia?"

"Za maua."

Alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Msomi, hata maua yanataka kwenda haja!"

Nikaona ananidharau tu. Akaziba, nami nikayarudisha maua humo.

Wiki ya pili majani yakawa ya njano, yakalegea kama bamia ya jana. Nikaongeza kikombe cha mchana.

Ndipo Shangazi akarudi.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Alitia kidole kwenye udongo, kikatoka na tope.

"Nani kaziba?"

"Mimi. Nilidhani..."

"Umedhani sana, baba," akasema taratibu. Nikalia.

Alipekua mpaka akapata kichipukizi kimoja kilicho kigumu bado, urefu wa kidole. Akakikata, akakilaza kivulini siku mbili, kidonda kikauke. Akanipa msumari: "Toboa." Tukajaza mchanga wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa, tukakipanda.

"Usimwagilie mpaka nikwambie."

Nilikuwa nakwenda kukichungulia kila saa. Naye jikoni: "Hata macho yanachosha, baba!"

Baada ya majuma kadhaa likatokeza jani dogo kama punje ya mchele. Shangazi akaliangalia, kisha akanigeukia.

"Marahaba," akasema. "Ile ya siku ile."

Mwanangu, najua na wewe kuna jambo unalipenda na unalizunguka mchana kutwa. Liachie tundu, yanayozidi yapate pa kutokea. Kabla hujaongeza kikombe, tia kidole kwenye udongo kwanza. Mungu akujalie mkono mwepesi, na ulichokipanda kikuchipukie hata ukiwa umegeuka pembeni.