Sanduku Halina Eda

Uandishi nimejifunza mwenyewe, kwa kuandika na kufuta. Hata mwanzo huu nimeufuta sana, kwa hofu ya kukosea rangi ya sanduku. Lilikuwa la buluu. Nina hakika. Karibu hakika.

Ndani yake zilikaa akiba za kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu Mpendae: fedha za kukopeshana na, kwenye kifuko cha kitambaa, mfuko wa maradhi. Lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo na mwenyewe. Sharti lao lilikuwa kali: ufunguo hautumwi. Mwenye nao huja akafungua kwa mkono wake.

Mwaka ule mmoja wa wale watatu alifiwa na mumewe, akakaa eda, hatoki nyumbani. Nani angethubutu kumwomba ufunguo? Ingekuwa kama kumvua cheo msibani. Sanduku likabaki limefungwa.

Mama alikuwa mja mzito. Miguu ilimvimba, kichwa kikamgonga, kliniki wakasema presha imepanda. Dawa aliyoandikiwa ilibidi inunuliwe nje, na nyumbani hatukuwa na kitu. Alipolala nilikaa kando yake nikisikiliza pumzi. Mpaka leo, mtu akilala karibu yangu, nasikiliza.

Jirani yetu, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kumtazama akasimama mlangoni. Kisha akasema, "Mwenye ufunguo ndiye hatoki. Sanduku halina eda."

Kina mama wakalifunika sanduku kanga wakalibeba mchana kweupe, mimi nyuma yao. Njiani mtu akauliza, "Nani tena kafariki?"

"Hajafa mtu," mwenyekiti akamjibu. "Tupishe asije akafa."

Mjane alipoliona alicheka, machozi yakimtoka. "Nyie wanawake mna wazimu! Mnanletea sanduku kama la harusi, halua mmeiacha wapi?" Wenzake wawili wakafungua zao, naye akafungua kufuli yake kwa mkono wake. Jioni ile mama alikunywa dawa.

Siku hizi nafanya kazi Mji Mkongwe, na kina mama wale wanachangiana kwa simu. Ni rahisi zaidi, najua. Lakini nalikumbuka sanduku likipita vichochoroni kama bibi harusi.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Mama alipotoka arubaini, mjane bado alikuwa edani. Basi safari ya kwanza ya mtoto, ndani ya kanga ileile, ilikuwa kupelekwa kwake.