DNA ya Mnyoo wa Baba

Baba alipoanza kuvimba ubavu wa kulia, alisema ni kitambi. Alikuwa amestaafu ulinzi wa kambi za watalii kule Robanda, amerudi nyumbani karibu na bwawa la Manchira, na kwa maoni yake mwanaume aliyestaafu ana haki ya kunenepa. Mama akamwambia kitambi hakikai upande mmoja. Walibishana hivyo karibu mwaka mzima, mpaka asubuhi moja baba alipoinama kufunga kamba za viatu akashindwa kuinuka.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ini, mkubwa kuliko ngumi yangu. Tukapewa rufaa, akameza dawa kwa muda, kisha akapasuliwa salama. Daktari, dada mmoja aliyeongea taratibu, alitueleza mimi na baba kwamba ule ulikuwa mfuko wa mnyoo. Mnyoo mwenyewe, aina ya tegu, ni mdogo sana, anaishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanashika majani, maji na mikono ya watu. Ukiyameza, yanakwenda kujijengea nyumba kwenye ini.

"Sasa wako wa aina kadhaa," alisema. "Kuna anayezunguka kati ya mbwa na kondoo, kuna wa ng'ombe, yuko hata wa simba. Kwa macho mifuko yao inafanana. Ukiridhia, mzee, tutapeleka kipande maabara wakapime DNA."

Baba akaridhia, akaweka sahihi. Mimi ni afisa mifugo upande wa Tarime, kwa hiyo neno hilo halikunishtua. Lilimshtua jirani wa kitanda, mchimbaji aliyetoka Geita kufuata dhahabu Nyakunguru, ambaye jiwe lilimvunja mguu ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Daktari alipoondoka, alimgeukia baba kwa huruma.

"Mzee, usiogope DNA. Hata mimi nilipimwa."

"Na wewe una uvimbe?"

"Hapana. Mtoto. Alikuwa wangu."

Baba bado alikuwa na dawa ya usingizi kichwani. "Hongera, mura," akamwambia, kama anavyowaita vijana wote, akalala.

Nilicheka, nikarudi kazini bila wasiwasi. Sikufikiria kwamba mchimbaji yule anatembelewa na watu wengi, na kwamba kila anayekuja anataka habari mpya, kwa kuwa ile ya mguu wake walishaisikia.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye josho, nimelowa dawa mpaka viwikoni, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama aliyeolewa ng'ambo, upande wa Kenya.

"Nimeskia mzee anapimwa DNA. Hiyo kesi imefika kwa chifu ama bado?"

"Kesi gani, mama mdogo?"

"Ya mtoto. Ati yuko huko Nyakunguru, ana duka ya simu."

Kumbe mtoto alishakua, akafungua na biashara. Nikamuuliza nani kamwambia. "Mamako. Yuko hapa kwangu tangu jana, amekuja na begi kubwa."

Niliomba ruhusa, nikachukua pikipiki hadi Sirari, nikavuka. Nilimkuta mama sebuleni kwa mdogo wake, kitenge amekifunga mpaka kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa shahidi. Shikamoo yangu aliijibu kwa kuinua kidole kimoja. Nikatoa fomu ya chanjo kwenye begi, nikaigeuza, nikachora mbwa, kondoo na mtu, na mishale katikati yao. Mbwa wangu alifanana na kiti, lakini mishale ilieleweka.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo hiyo DNA ni ya mnyoo?"

"Ndiyo, mama."

"Si ya baba yako?"

"Baba hahusiki. Ni kama nyumba tu, mnyoo alipanga."

"Na ukoo wa mnyoo haujulikani?"

"Ndiyo wanautafuta."

Mama mdogo alikimbilia jikoni, tukamsikia anacheka peke yake na sufuria. Mama hakucheka. Aliuliza tu kuhusu yule mwenye duka la simu, nikamwambia hayupo, hajawahi kuwepo.

"Basi," alisema, na naapa kulikuwa na masikitiko kidogo. "Nilikuwa nimeshamsamehe. Yule mtoto. Baba yako bado."

Baba aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama alisharudi na begi lake, habari ya mtoto ilishazimika, akabaki na yake mwenyewe. Katika maelezo yote ya daktari alikuwa ameshika neno moja tu, simba. Wageni waliokuja kumpa pole walisimuliwa usiku aliosikia simba wakinguruma nyuma ya hema, na maji aliyokunywa kwenye vijito wanapokunywa simba. "Wanasubiri majibu tu ya maabara," alimalizia, akishika kidonda kwa heshima. "Lakini mimi najijua." Nilimweleza kwamba hata watafiti hawajapata uhakika kwamba huyo wa simba anamwingia binadamu. Akanijibu kwamba kila kitu kina mtu wa kwanza.

Majibu yalichukua miezi. Daktari alinipigia mwenyewe, nami nikaenda hadi Manchira kumwambia baba uso kwa uso, kwa sababu habari nyingine hazifai kwa simu. Alikuwa uani ananyoa ndevu, kioo amekiegemeza kwenye ndoo.

"Baba, majibu yamekuja. Ni wa kondoo."

Wembe ukasimama. "Kondoo?"

"Kondoo na mbwa. Ndiyo aina inayowapata watu wengi."

"Kondoo," alirudia. Akafikiri. "Hawawezi kurudia kupima?"

Kutoka jikoni mama aliuliza, bila kujitokeza, kama tuwaambie wale wageni au tuwaache waendelee kumngoja simba.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka kidogo. Kondoo pale nyumbani tunachinja kila Krismasi, na baba ndiye mchinjaji. Akikuta ini lina malengelenge ya maji, analikata pale pale na kumrushia mbwa wake, yule wa kahawia anayelala mlangoni na kulamba mikono ya kila mtu. Nimeliona hilo tangu nikiwa mdogo. Nimeliona hata baada ya kusomea mifugo. Wiki nzima nasimama kwenye machinjio ya watu nikiwafokea wafukie maini mabovu, kisha Krismasi nakaa kwenye kigoda nyumbani kwetu, soda mkononi, nashangilia mbwa anavyodaka.

Nilimwambia baba hivyo. Alifuta povu shavuni. "Sasa mtaalamu wewe, ulikuwa unangoja nini?"

Nilimpa mbwa dawa siku hiyo hiyo, kidonge ndani ya kipande cha nyama. Alimeza nyama akatema kidonge, mara mbili, mpaka mama akaja akamfungua taya kama mfuniko wa sufuria. Baba alichimba shimo refu nyuma ya zizi kwa ajili ya maini mabovu, akalizungushia miiba, na tangu hapo jirani akichinja, baba anatokea na jembe kabla hajaitwa.

Daktari alishauri familia nzima tupigwe picha ya tumbo. Mimi nilitangulia. Nililala pale, yule dada akanipaka jeli ya baridi, akapitisha mashine kwenye ini langu kimya, akarudia, akasogeza kichwa karibu na kioo. Niliwakumbuka mbwa wote niliowahi kuwapapasa.

"Umekula nini?" aliuliza.

"Maharage, daktari."

"Nyuma ya hiyo gesi sioni chochote kibaya. Mwambie mama aingie."

Mama aliingia, akavua viatu, akapanda kitandani, na kabla hajapakwa jeli akamwambia daktari kwamba ana goti pia linamsumbua tangu masika, kama mashine inafika huko.