Kibuyu ya arusi ya Masika

Leo nilitukana mama ya bibi arusi kwa maandishi mazuri sana.

Ngojeni. Mukono ya kuandika kushinda yangu hapana Butembo yote, munajua.

Masika, rafiki ya dada yangu, anaolewa. Aliniomba niandike shairi ya mama yake juu ya kibuyu ya kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikaizungusha kwa rangi nyeusi, maneno inashuka kama barabara ya mulima:

"Mama, ulininyima usingizi. Ulinituma shamba na mvua. Ulinifinya masikio."

Lakini kiburi ilinifanya nichore herufi kubwa kubwa. Nafasi ikaisha. Mustari ya mwisho, ile ya asanti, nikaiweka chini, kwa kitako. Bon, nani ataona?

Saa ya kunywa, bakwe, watu ya bwana arusi, bako mbele, mama akapewa kibuyu. Akasoma. Uso ikafunga.

Shangazi akauliza, "Masika, hii ni shairi ama ni mashitaki?"

Mimi niko nyuma ya masufuria, natafuta mulango.

Mama akainua kibuyu, akakunywa. Kitako ikaangalia bakwe. Baba mukwe akasoma kwa sauti: "Leo niko mutu sababu yako. Asanti."

Mama akashusha kibuyu polepole. Machozi. Masika pia. Yangu mimi ilikuwa ya moshi tu.

"Nani aliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Kuya ukunywe."

Asanti sana, mama ya Masika. Ungekasirika kabla ya kukunywa, sasa hivi ningekuwa Kirumba, mbali kule, kwa miguu.

Benye kucheka, chekeni hapa chini.