Samaki wa Kikombe Kimoja

Dada yangu alipika shuleni miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo hakuna mtoto aliyepata upawa wa pili kwa kusukuma wenzake. Mtoto wa mwalimu mkuu alijaribu. Alirudishwa mwisho wa mstari na sahani tupu, baba yake akaja juu hadi jikoni, na dada akamwuliza kama na yeye alitaka kupanga foleni. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Upawa. Alipostaafu aliomba apewe upawa wenyewe, na sasa umetundikwa mlangoni kwetu pale ambapo wenzake hutundika cheti.

Nasema kwetu kwa sababu tunakaa nyumba moja, yeye na mimi mdogo wake, wajane wawili tunaoanza kugombana kabla chai haijachemka. Ana kichwa kigumu na simsifii bure. Lakini yaliyotokea bwawani niliyaona kwa macho yangu, na moja nililifanya kwa mikono yangu, Mungu anisamehe.

Alijiunga na kikundi cha wafuga samaki chenye mabwawa sita nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali. Walifuga perege na walikuwa hawaishi kulalamika. Kila msimu samaki walitoka wadogo kuliko wa msimu uliopita, na kila msimu magunia ya chakula yaliongezeka. Mmoja alilaumu maji, mwingine alilaumu chakula, wa tatu alisema kuna mtu kikundini ana kijicho. Dada aliangalia siku tatu za mavuno, mikono kiunoni. Siku ya nne akafungua mdomo, na mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

"Mnauza wakubwa wote, mnarudisha vijeba bwawani ndio wawazalie. Mnategemea wazae nini, ng'ombe?"

Mwenyekiti wa kikundi, fundi bomba mwenye sauti inayosikika mabwawa yote sita, alicheka kuliko wote. "Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Jembe sichagui. Nachagua mbegu."

Mwenyekiti alicheka, lakini mjinga hakuwa. Mavuno yaliyofuata alibakiza dume kubwa kuliko yote, kilo moja na nusu, akalipa jina la Jemadari na kutangaza kwamba vifaranga wote wa kikundi watatokana nalo. Watu walipiga makofi. Dada hakupiga. Yeye alikuwa amemtazama Jemadari akila. Chakula kikimwagwa, Jemadari hufika wa kwanza, huwagonga wenzake ubavuni, hula mpaka tembe ya mwisho, na wengine hubaki wakilamba maji.

"Huyu namjua," aliniambia tukirudi nyumbani. "Amenisumbua shuleni miaka ishirini na miwili. Ukubwa wake ni wa kunyang'anya. Mimi namtaka anayekula kidogo na akanawiri."

Akaomba kona ya bwawa la sita, akafunga humo vizimba vinane vya neti, kila kimoja dume lake na jike lake. Perege jike hulea mayai mdomoni, halafu watoto hutoka kama mbegu za mchicha zenye macho. Dada aliwalea watoto wa kila mama peke yao, idadi sawa, na kuwalisha kwa kikombe cha chai kilichosawazishwa juu kwa kisu ili chakula kisizidi hata tembe moja. Kila baada ya wiki mbili aliwapima kwa mizani yetu ya jikoni, ndiyo maana unga wetu ulinuka samaki muda wote huo. Nililalamika. Aliniambia nikale kwa jirani.

Baada ya misimu mitatu akampata. Hakuwa mzuri. Alikuwa jike la kijivu, si kubwa si dogo, ungepita naye sokoni asiulizwe bei. Lakini watoto wake kwa kikombe kimoja walifika pale ambapo watoto wa wengine walihitaji viwili. Dada alimkata ncha ya pezi la mgongoni ili asimpoteze, akamwita Kikombe Kimoja.

Ndipo mwenyekiti akaitaka kona yake. Bwawa la sita lilihitajika kwa wana wa Jemadari, alisema mkutanoni, na vizimba vya Mama Upawa viondolewe. Nilimwona dada akisimama taratibu, nikajua kumekucha.

"Tushindane," alisema. "Watoto hamsini wa Jemadari, hamsini wa Kikombe Kimoja, umri mmoja. Gunia moja la kilo ishirini kila upande. Magunia yakiisha, tunapima. Nikishindwa, natoa vizimba na mimi mwenyewe natoka. Nikishinda, mbegu ya mabwawa yote sita inatoka kwangu."

"Sawa. Mwenye samaki mkubwa zaidi ndiye mshindi."

"Hapana. Tunapima wote hamsini kwa pamoja. Wewe unalisha bwawa zima, halafu unataka kupima samaki mmoja?"

Wanachama waliguna, wakakubali.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwezi wa pili wa mashindano, neti ya Kikombe Kimoja ilitoboka. Dada alimleta nyumbani kwenye beseni, akaliweka uani kivulini, akaenda kutafuta kamba ya kushonea. Akiwa huko wakaingia wakwe wa mwanangu, watu wanne, bila taarifa, saa sita mchana. Ndani kulikuwa na mboga ya jana tu, na mkwe hapewi kiporo. Nikaliona beseni. Naapa sikuangalia pezi. Niliona samaki, nikaona wageni, nikaona heshima yangu inataka kuanguka.

Dada alirudi tukiwa mezani. Aliangalia sahani ya katikati, pale ambapo kipande cha mgongo kilikuwa bado na pezi lake lililokatwa ncha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. Kisha akavuta kiti. "Nipeni na mimi. Nimemlisha misimu yote hii kwa kikombe, leo anilishe yeye."

Alikula akazungumza na wakwe vizuri kabisa. Walipoondoka alilia, akiwa amesimama, akiosha sahani, na hakunipa nafasi ya kumshika. Nililia zaidi yake. Nilimwambia nimemharibia kila kitu.

"Umenilia mama," alijibu. "Watoto wapo. Kesho utalisha wewe, na ole wako kikombe kizidi."

Habari zilimfikia mwenyekiti siku hiyo hiyo, maana wakwe wana midomo. Alikuja kutupa pole, na pole yenyewe ilikuwa na kicheko ndani. Mashindano yamekwisha, au sivyo, wakati mama mwenyewe ameshaliwa?

"Dume lako linaishi vizuri," dada alimwambia. "Lilishe."

Tangu hapo nililisha mimi kila asubuhi. Nilisawazisha kikombe kwa kisu mpaka mkono ukazoea, na nilianza kuwachukia wana wa Jemadari kana kwamba walinitukana.

Siku ya kupima walikuja wanachama wote. Mwenyekiti alimleta na Jemadari mwenyewe ndani ya pipa la bluu, aje ashuhudie ushindi wa wanawe. Magunia mawili yalikung'utwa mbele ya watu, matupu. Mwenyekiti akaanza. Alitoa mwana mkubwa kuliko wote wa Jemadari, zaidi ya nusu kilo, akamwinua juu kwa mikono miwili, na watu wakashangilia kweli. Kisha wakaja ndugu zake, wengi wao kama sabuni iliyotumika. Hamsini kwa jumla, kilo kumi.

Kati ya wetu hakuwapo wa kuinuliwa. Walitoka wamefanana, mmoja baada ya mwingine, kama sahani za shule. Mizani ilipanda, ikapanda, ikasimama kwenye kilo kumi na tatu na nusu. Mwenyekiti aligonga mizani kwa kidole. Ikabaki pale pale.

Nitampa haki yake. Aliuma meno, akacheka, akampa dada mkono. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Haya jamani, leo tunasherehekea! Waleteni washindi, wakaangwe!"

Watu wakapiga vigelegele. Hawakuwa na ubaya hata kidogo. Ndivyo tulivyolelewa, kilicho bora huliwa siku ya furaha, na kinachobaki ndicho hurudi bwawani. Mikono mitatu tayari ilikuwa ndani ya beseni la wana wa Kikombe Kimoja. Na jiko lilikuwa tayari linawaka, kikaango juu yake, na mpishi nilikuwa mimi.

Dada akasimama mbele ya beseni. Upawa aliutoa wapi sijui, lakini ulikuwa mkononi.

"Toa mkono."

"Mama, ni wawili watatu tu..."

"Toa mkono! Hapa haguswi hata mmoja mpaka nichague wazazi. Walioshinda wana kazi. Mnataka kula, kuleni walioshindwa."

Wanachama walimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akalitazama pipa la bluu. Hakuna aliyethubutu. Dada akageuka akanitazama mimi, na safari hii nilijua samaki yupi.

Nikachukua kisu, nikaenda kwenye pipa.

"Shemeji, huyo ni Jemadari!" mwenyekiti alipiga kelele. Mimi si shemeji yake na sijawahi kuwa.

"Namfahamu," nilimwambia. "Utanishikia mkia?"

Alishika mkia. Tulimla Jemadari na wanawe, watu ishirini na mmoja, mwenyekiti akiwa wa kwanza kuomba kipande cha tumboni, na dada akigawa kwa upawa ule ule, mmoja kwa kila sahani. Ila nisiseme uongo, Jemadari alinitesa. Hata ndani ya kikaango alikula kupita wenzake, alinimalizia chupa nzima ya mafuta.