Tangu Nilipoacha Kuitwa Mwambani

Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda mwambani peke yake. Siku za bamvua, maji yakitoka na miamba ikabaki wazi, wifi yangu ndiye anayeanza. Anapita akigonga ndoo yake kwa chuma cha kuchokolea pweza, na mbele ya kila ua anaita, "Maji yametoka." Aliye ndani anajibu, "Nimo," anatoka na ndoo yake, na kundi linasogea ua kwa ua. Usipoitwa, hutoki. Si uchawi wala dini. Maji yakirudi hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, na asiye na wa kumpigia kelele huenda akabaki huko huko.

Mimi siitwi tena.

Ilianzia mkutanoni. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia wakati wa vita, walikuja pia wanawake wa nyanda za juu, waliopoteza mashamba yao kwa vita hivyo hivyo. Mmoja nilimpa nafasi akajenga kibanda uani kwangu. Wakaanza kushuka mwambani, maneno yakawa mengi, mkuu wa mtaa akatuita wote kwenye kivuli cha shule. Wanaume walikaa mbele, sisi nyuma. Huku neno la mwanamke mkutanoni hubebwa na mwanamume: unamwambia mapema mumeo au kaka yako, naye anasimama kulisema.

Wifi alikuwa ameshampa mumewe neno lake. Shemeji akasimama, akamgeukia mkuu wa mtaa. "Shefe, hawa dezlokadu, hawa wakimbizi wa vita, hawaijui bahari. Wanageuza mawe, hawayarudishi. Halafu asili yao tunaijua? Mwamba ni wa watu wa pwani."

La mawe lilikuwa kweli, nimeyaona kwa macho yangu. La asili ndilo lililonichoma. Kule juu tulikokimbilia, mtandio wangu na usemi wangu wa pwani viliwatosha watu kuamua kwamba mimi ni wa wale walioleta vita. Nilisukumwa nyuma kwenye foleni ya bomba mpaka maji yakakatika. Mwanamke mmoja asiyenijua akanimiminia nusu ya dumu lake, na kule maji si kitu cha kumgawia mtu hivi hivi. Sikumwona tena.

Basi nikasimama. Mume wangu alishafariki, kaka yangu anaishi ng'ambo ya mto, na hata wangekuwepo nisingewangoja. Mdomo wangu haujui kungoja.

"Mawe watafundishwa," nilisema. "Hata sisi tulifundishwa. Ila hayo ya asili tuliambiwa sisi tukiwa kwao, tukalia. Leo tumerudi kwetu, tunawaambia wao?"

Mzee mmoja akauliza, bila kunitazama, "Huyu hana mwanamume wa kumsemea?"

Watu wakacheka. Nikamwambia ulimi ninao, na wala sijauazima kwa mtu.

Mkuu wa mtaa akaamua waruhusiwe, mradi wafundishwe. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikapika wali wa nazi kama siku ya sikukuu.

Jioni wifi akaja. Alisimama mlangoni, na kukaribia hakukaribia. "Wifi, ungeniambia mimi kwanza."

"Ungelisema neno langu?"

Alifikiri kidogo. "Tungelizungumza sisi kwa sisi. Wewe umetuanika mbele ya wanaume. Sasa wanasema wanawake wa huku hawana huruma, nawe peke yako ndiye mwenye utu."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilimkaribisha wali, akasema ameshiba.

Wenzangu wa mwambani wananisalimia, sitawasingizia. Kwenye msiba tunakaa mkeka mmoja. Lakini bamvua ya kwanza ndoo ililia, ikafika uani kwangu ikanyamaza, ikaanza kulia tena kwa jirani. Nilikuwa nimeshajipaka msiro usoni kuzuia jua. Nikaunawa. Upweke wa nyumba tupu nimeuzoea tangu nifiwe. Huu wa kusikia wenzangu wakicheka njiani ndio unaoniuma, na sijui nimweleze nani.

Mgeni wangu wa uani nilimfundisha mwenyewe. Nilimwonyesha pango la pweza lilivyo, jinsi ya kurudisha jiwe lilivyokaa, na namna ya kuitikia akiitwa. Alikuwa akiniuliza, "Mama, watatuita lini?" Nikawa namjibu, bamvua ijayo.

Asubuhi ya leo ndoo ilikuja ikigongwa, ikasimama mbele ya ua wangu. Haikunyamaza. Niliinuka haraka, nikachukua chuma changu, mkono tayari uko mlangoni.

"Mgeni wetu," wifi akaita, "maji yametoka."

Mlango wa kibanda ukafunguka nusu. Nadhani alikuwa akiningoja mimi nijibu kwanza. Wifi akaita tena.

"Nimo," mgeni akaitikia, sawasawa kama nilivyomfundisha.

Alipita mlangoni kwangu bila chuma, maana hana. Nikampa changu.